Mwanamke wa Upande wa Kulia

Mwaka 2002 nilitengeneza gemu la kompyuta la kuwafanya mke na mume wajuane. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, kisha tuendelee. Wakati huo nilikuwa na miaka sita ndani ya ndoa na Rajabu, muuza spea wa Gerezani, na kulikuwa na jambo moja tu nililotaka kulijua kutoka kwake: ataoa mke wa pili, au haoi? Kumuuliza nilishindwa. Kutengeneza programu nzima ya kumuuliza, nikaweza.

Jambo lenyewe nililisikia mwezi wa tatu, Magomeni, uani kwa mama mkwe wangu, Bi Sitara. Aliniambia mwenyewe, hakutuma mtu, na hilo nampa haki yake.

"Husna mwanangu, kuna binti Mkuranga, mtoto wa watu. Nimeshamwambia Rajabu. Miaka sita si midogo, na mimi nataka mjukuu nikiwa bado naona. Usiwe na roho ndogo."

"Sawa, mama," nikamjibu. Ndilo jibu nililokuwa nalo kwa kila kitu pale Magomeni.

Nikarudi Ilala, tulikopanga chumba na sebule, nikamngoja Rajabu afungue mdomo. Akala, akaswali, akasikiliza taarifa ya habari, akalala. Mwezi wa tatu ukaisha, wa nne nao ukaisha. Somo aliyenifunda kabla ya harusi alinipa mengi, ila mawili niliyashika kwa mikono miwili: jambo ambalo mume hajalifungua, usilifungue wewe, na anachokuletea kwa mkono wake, pokea, kula, shukuru. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Dini imemruhusu kuoa, sibishi, lakini kila nilipomtazama anakunywa chai yake kwa raha nilitaka kumtikisa mabega.

Kazi nilikuwa nafanya Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitenge. Ilikuwa intaneti kafe: mashine kumi na moja, tisa zinafanya kazi, na pazia la kijani la kukinga jua la saa tisa. Mwenye kafe alikuwa Nirali, tuliyesoma naye chuo cha kompyuta. Nirali ni Mhindi wa Kariakoo hasa, kazaliwa hapo hapo, na kwa kupatana bei ya vitunguu ananishinda mimi Mswahili mchana kweupe. Mwanzoni watu walikuwa na wazimu wa barua pepe, foleni inafika mpaka ngazini. Kisha kafe zikafunguliwa kila kona, foleni yetu ikahamia kwa wengine, na Nirali akaja na wazo.

"Husna, Bongo hii kila Jumamosi kuna harusi. Watu wanapeleka zawadi gani? Seti ya glasi. Saa ya ukutani. Chupa ya chai. Tutengeneze gemu, tulitie kwenye CD, wapeleke hilo. Na hapa kafe tutenge mashine moja, mtu aje na mwenzake wacheze."

"Gemu la nini?"

"La kupendana."

"Watu wanapendana kwa kompyuta?"

"Kama wanaweza kugombana kwa simu, watashindwa kupendana kwa kompyuta?"

Nikakaa chini nikalitengeneza. Kitabu cha kuandikia programu nilikuwa nacho cha kuazima, kimechanika kurasa za mwisho, kwa hiyo yaliyokuwa kwenye kurasa hizo ilibidi niyabuni. Gemu lilikuwa hivi: viti viwili mbele ya mashine moja, na maswali ishirini. Unapenda kula nini? Nini kinakuudhi? Ukipewa nyumba popote, utaichagua wapi? Kila mmoja anajibu ya kwake, mwenzake kageukia ukutani. Kisha kila mmoja anajibu anavyodhani mwenzake kajibu. Kompyuta haikuwa na akili ya kujua kwamba "dagaa" na "dagaa wa kukaanga" ni mboga moja, basi niliiacha iwaonyeshe majibu yote, wao wenyewe wakubaliane kama yamelingana. Yakilingana, kwenye kioo inajengwa nyumba: msingi, kuta, madirisha, bati, na swali la ishirini linaleta mlango. Nyumba ile niliichora mwenyewe kwa kipanya, wiki mbili, mpaka kiganja kikaniuma.

Toleo la kwanza lilikuwa na kosa kubwa. Ukikosea jibu, ukuta ulibomoka kwa kishindo. Tukawaita fundi cherehani mmoja wa mtaa wa nyuma na mkewe wajaribu. Kufika swali la sita nyumba yao ilishabomoka mara nne, na mke anamuuliza mume, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unamtazama nani?" Wakateremka ngazi mmoja mmoja, na chini mmoja akaenda kulia na mwingine kushoto.

"Husna," Nirali akasema, "hilo siyo gemu. Hiyo ni kesi."

Nikaondoa kubomoka. Ukikosea, hakuna kinachojengwa, basi.

Jumapili iliyofuata, kafe imefungwa, Nirali akawaleta wakwe zake. Mzee Tulsidas alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyestaafu, mpole, miwani imening'inia kifuani. Mkewe, Ranjanben, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya amri, na alipoketi alikitazama kibodi kama anayekagua mboga. Kioo cha kwanza kiliandika: *Andika jina la mwenzako.* Mzee akaandika la mkewe kwa kidole kimoja, taratibu. Ikaja zamu ya Ranjanben. Akaweka mikono yake mapajani, akatulia.

Nikadhani haoni herufi. Nikamsogelea kumsaidia. Nirali akanivuta pembeni, kajipiga paji la uso.

"Hawezi. Mke hatamki jina la mume. Wala haliandiki."

"Mbona wewe mumeo unamwita Jaimin kutwa nzima?"

"Mimi ni mimi. Mama ni wa zamani. Miaka thelathini na nane anamwita 'unasikia?' Nimesahau kabisa kukuambia."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka kwamba hata mimi simwiti Rajabu kwa jina. Namwita "bwana", na nikikasirika namwita "mwenzangu". Wenzangu wana Baba Zuhura na Baba Hamisi wa kuitia waume zao. Mimi sikuwa na mtoto wa kumtanguliza, na siku ile pale kafe jambo hilo liliniuma upya.

Basi nikafuta majina. Nikaweka *Kushoto* na *Kulia*, kwa jinsi watu walivyokaa. Ilinichukua dakika kumi tu, huku Ranjanben akila karanga na kunihimiza.

Wakacheza. Walipata kumi na nane. Swali la *Ukinyamaza huwa una nini?* mzee aliandika kwa upande wake "jino", na Ranjanben, aliyekuwa kageukia ukuta, akaandika kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Jino yake nauma, daktari naogopa." Wakatazamana, mzee akacheka mpaka miwani ikadondoka. Niliwaonea wivu. Nilikuwa nawaonyesha pa kubonyeza huku nawaonea wivu wa waziwazi, wazee wa watu.

Maswali mawili ya mwisho niliyaweka kwa ajili yangu. La kumi na tisa: *Unaogopa nini?* La ishirini: *Jambo gani hujamwambia mwenzako?* Nilikuwa na mpango. Siku moja nitamketisha Rajabu pale, swali la ishirini litokee, lisiwe limetoka kinywani mwangu. Somo wangu alikataza kuuliza. Hakusema lolote kuhusu kompyuta. Nikamwambia Rajabu kuhusu gemu, nikamwambia kina nani wamegombana na kina nani wamecheka, nikamwambia nataka siku moja aje tucheze. Akasema, "Tutaona," akaomba sukari.

Sasa kuna jambo ambalo sijivunii. Programu ilikuwa inahifadhi majibu ya wote waliocheza kwenye faili, na tarehe na saa, ili nione maswali gani yanafaa na yapi yanachosha. Wateja hatukuwaambia. Baadaye niliifuta faili yote na mistari iliyokuwa ikiandika humo, lakini wakati ule kila Jumatatu asubuhi nilikuwa naifungua nikisoma mambo ya watu na chai mkononi.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita nikaifungua. Jumamosi sikuwepo kazini, nilikuwa msibani Mbagala, na Nirali ndiye aliyeshika kafe. Nikakuta mchezo mmoja mrefu wa saa nane mchana, zaidi ya saa nzima. Nikaanza kusoma upande wa kushoto. *Unapenda kula nini?* Ugali wa muhogo na bamia, mchuzi uwe mwepesi. *Nini kinakuudhi?* Mtu anayerudisha spea aliyokwisha kuifunga kwenye gari. *Kovu lako kubwa liko wapi?* Goti la kushoto, bati la choo, nilikuwa na miaka tisa.

Goti lile nilikuwa nalijua. Nikaiweka chai mezani.

Upande wa kulia alikuwa mwanamke. Anapenda biriani ya mbuzi. Rangi yake zambarau. Akipewa nyumba anaitaka Mbezi, yenye geti. Anapenda kulala redio ikiwa inaimba. Paka hawapendi. *Unaogopa nini?* Kuuliza, aliandika. Nikajisemea, mwanamke gani huyu wa kujidekeza, anaogopa kuuliza! Swali la ishirini wote wawili walikuwa wameweka nukta moja tu, kwa sababu gemu halikubali nafasi tupu. Na chini yake kompyuta ilikuwa imeandika walichopata: ishirini kwa ishirini. Nyumba nzima, na mlango wake.

Hakuna mtu aliyewahi kupata ishirini. Ranjanben na miaka yake thelathini na nane alipata kumi na nane. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti nilichokichagua mimi, mbele ya nyumba niliyoichora mimi, na mwanamke wa Mkuranga, na wamejuana kuliko watu wote wa Kariakoo. Hata hakuona haja ya kutafuta mahali pengine. Nirali alikuwa mezani kwake, hatua tano kutoka nilipokaa, na yeye ndiye aliyewakaribisha Jumamosi. Lakini kumuuliza ilikuwa sawa na kumtangazia, na aibu ilinishika ulimi. Nikayachapa majibu yale kwenye karatasi, nikaikunja, nikamwambia nina dharura.

Kutoka Sikukuu hadi Gerezani nilikwenda kwa miguu, jua la utosi, na sikumbuki hata mtu mmoja niliyepishana naye. Duka la Rajabu lilikuwa na gia boksi zimepangwa sakafuni na harufu ya grisi inayokupokea mlangoni. Alikuwa anambembeleza mteja anunue shokapu mbili badala ya moja. Nikaiweka karatasi juu ya kaunta, katikati ya bearingi.

"Huyu ni nani?"

Rajabu akasoma. Akageuka rangi. "Umeitoa wapi?"

"Nimekuuliza, huyu ni nani?"

"Bosi, nitapita baadaye," mteja akasema.

"Pita," nikamjibu mimi.

Rajabu akakaa juu ya gia boksi. "Hapa kushoto ni mimi," akasema.

"Kushoto ni wewe hata kipofu anaona. Kulia ni nani?"

"Kulia ni wewe."

"Usinichezee, bwana. Jumamosi nilikuwa Mbagala."

"Najua ulikuwa Mbagala. Ndiyo maana nilienda siku hiyo."

Akanieleza huku anapangusa mikono kwa tambara, ingawa ilikuwa haina kitu. Alikuwa amenisikia nikisimulia wanaogombana na wanaocheka. Akaogopa kwamba siku nitakayomketisha pale, mbele ya Nirali na wateja, ataambulia msingi mtupu. Basi akaenda kufanya majaribio. Alikaa kushoto akajibu ya kwake, akahamia kulia akajibu ya kwangu, akarudi kushoto, akahamia tena kulia, saa nzima anabadilisha viti peke yake. Nirali alimwonea huruma akampelekea maji. Rajabu akamwomba asiniambie.

"Lazima upate ishirini," akasema, "kama unajijibu mwenyewe."

Nikaichukua karatasi nikaisoma upya, pole pole. Biriani ya mbuzi. Zambarau. Mbezi, na geti. Mwanamke niliyekuwa namchukia tangu asubuhi alikuwa mimi. Yaani, alikuwa mke ambaye Rajabu alidhani anaye.

"Mimi sipendi biriani," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe. Inanipandisha kiungulia."

"Husna! Miaka sita nakuletea kila Ijumaa! Unaimaliza!"

"Uliileta kwa mkono wako."

Akanikodolea macho. Nami nikawa naona kila jibu lilikotoka. Zambarau ilikuwa kitenge cha kwanza alichoninunulia, nikakivaa mpaka kikachakaa ili ajue nimekipenda. Mbezi alinipeleka siku moja kunionyesha kiwanja cha rafiki yake, nikasema ni pazuri, kwa sababu alikuwa amefurahi. Redio sikuwahi kumwambia azime. Paka niliwafukuza siku moja tu, mbele ya mama yake, kwa kuwa mama yake hawataki. Hakuna kosa hata moja alilolibuni mwenyewe. Yote nilimpa mimi, nikiitikia na kushukuru. Nikalia. Sitasema machozi yalinilengalenga. Nililia kwa sauti, na jirani wa duka la pili akachungulia akarudi.

"Sasa unapenda nini?" Rajabu akauliza. Alikuwa kashika kalamu.

Nikamwambia. Samaki wa kuchoma na ndimu. Kijani. Hapa hapa mjini, nisikie watu. Akakata jibu moja moja na kuandika juu yake, kwa makini, kama anavyoandika namba za spea. Alipofika la kumi na tisa akasimama.

"Hili nalo si kweli?"

*Kuuliza.*

"Hilo ni kweli," nikasema. "Umelijuaje?"

"Tangu mwezi wa tatu unanitazama kama mtu anayetaka kusema. Kisha unaniuliza kama uniongezee chai."

Nilitamani kunyamaza. Naapa, hata pale, mambo yote yakiwa wazi juu ya kaunta, bado ulimi wangu ulikuwa unatafuta habari ya chai. Nikapiga moyo konde.

"Basi leo nauliza. Hii nukta ya mwisho ni nini?"

Akatazama nje, barabarani, ambako mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa matairi. "Mkuranga," akasema.

"Umemjibu nini mama?"

"Sijamjibu."

"Miezi mitatu?"

"Kila akiniuliza namwambia bado." Akaiweka kalamu chini. "Aliniambia wewe umekubali. Alisema, nimemwambia Husna mwenyewe, akasema sawa. Hakulia, hakununa, sawa tu. Nami nikakaa nikafikiri: mke wangu kaambiwa analetewa mwenzake, akasema sawa. Basi huyu hanitaki. Nikakungoja useme neno lolote. Ukaongeza chai."

Sawa ile nilikuwa nimeisema kwa heshima, kama mkwe yeyote anavyosema mbele ya mkwewe, ikatoka Magomeni ikamfikia Rajabu, naye akalala nayo miezi mitatu. Mimi nikamlaumu kwa ukimya wake na yeye kwa wangu, kitanda kimoja, shuka moja.

"Sitaki," nikasema.

"Nini?"

"Sitaki uoe. Sikutaka siku ile uani, na sitaki leo. Sitaki mwenzangu, sitaki zamu, sitaki. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ningeendelea kunyamaza, ungeoa?"

Alifikiri. Ningependa kusema alikataa hapo hapo, lakini hakukataa. "Sijui," akasema. "Pengine ningeoa. Kwa hasira."

Jibu hilo liliniuma, na hata leo likinijia linauma. Ila lilikuwa jibu la kweli, na nilikuwa nimekaa sana na majibu ya adabu. Rajabu akasimama, akavuta milango ya duka, akafunga kufuli mbili. Nikamuuliza anakwenda wapi mchana huu.

"Kwa mama. Nikamwambie."

"Tunaenda wote," nikasema.

Tulikwenda kwa miguu, tukapita Jangwani, bonde limekauka na vijana wanacheza mpira. Njiani alinieleza kwamba ataliweka jambo mabegani mwake, atasema yeye ndiye aliyekataa, ili mama asije akanichukia. Ndivyo mwanamume wa kwetu anavyomkinga mkewe, na ni wema. Nikamwambia ahsante. Sikumwambia sawa.

Bi Sitara alikuwa uani, kakunja miguu juu ya mkeka, anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama sote wawili, saa ile ya mchana, akajua kuna neno.

"Mama," Rajabu akasema, "ile habari ya Mkuranga, basi."

"Basi nini?"

"Imekataliwa."

Vidole vyake vikasimama ndani ya mchele. "Nani kakataa?"

"Mimi," tukasema wote, kwa pamoja, mimi na Rajabu.

Bi Sitara akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mmoja wenu anasema uongo."

Nilimwona Rajabu akivuta pumzi. Alikuwa na maneno yake tayari, yale ya njiani. Akayaacha.

"Mimi, mama," akasema. "Mimi nilikuwa sijakataa. Nilikuwa nimekaa tu. Yeye ndiye aliyekataa, leo, na mimi nimeungana naye."

Bi Sitara akaweka ungo chini. Sasa alinitazama mimi peke yangu.

"Husna. Mimi nilikueleza hapa hapa, kwa mdomo wangu. Ukasema sawa."

"Nilisema, mama. Sikuwa na maana hiyo. Unisamehe."

"Miaka sita unaniambia sawa. Njoo tuzike, sawa. Nenda sokoni, sawa. Dawa ya bibi wa Mlandizi nzuri, kunywa, sawa. Kwa hiyo sasa nianze kuzichambua zote upya, nijue ipi mchele na ipi chuya?"

"Zichambue, mama," nikasema. "Nyingine zilikuwa za kweli. Mtoto namtaka hata mimi. Hiyo haikuwa sawa ya mdomoni."

Alikasirika, sitaficha. Watu wa Mkuranga walikuwa wameshapewa matumaini na aibu ingekuwa yake kwenda kuyarudisha, na mjukuu hakumpata mwaka ule wala uliofuata. Akawa anapanga na kupangua punje chache pembeni mwa ungo, na Rajabu kasimama karibu yangu, hajui aketi au aondoke. Mwishowe akasema bila kuinua macho:

"Mkuranga nitaenda mwenyewe. Nitajua la kuwaambia." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile kavu, "Umekula?"

Siku zote, nikiulizwa hivyo uani pale, nimeshiba. Hata nikiwa nimefunga mkanda kwa njaa, nimeshiba, ahsante mama, usijisumbue.

"Sijala, mama," nikasema. "Tangu asubuhi. Nina njaa sana."

Akaniangalia kama mtu aliyeingia uani kwake kwa mara ya kwanza. Akashika goti, akainuka, akanipa ungo.

"Malizia huo," akasema, akaingia jikoni kuwasha moto.